Muulize Mwalimu wa Dizaini: mzuka ukikata unautafutia wapi?

Karibuni tena wapenzi wasomaji. Safari hii nimeyaweka pamoja maswali yanayokaribiana, maana wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, yaani mawazo tunayatoa wapi kila siku, na sie tunaofundisha tunawaonyeshaje wengine pa kuyatoa. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Wale wa "naomba unitengenezee logo kwa bei ya kirafiki", jamani, kona hii siyo ya kazi hiyo.

*Shikamoo mwalimu. Mi ni dizaina nipo Mbagala, natengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, stika za bodaboda, chochote kinachokuja. Tangu mwaka huu uanze mzuka umekata kabisa. Nikipata kazi nafungua Pinterest naperuzi mpaka bando linaisha alafu kinachotoka kinafanana na cha jirani yangu ambaye nae alikuwa huko huko. Nifanyeje? – Dizaina wa Mbagala*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza ondoa hofu, hujaishiwa, ila unachota sehemu moja na watu wote. Kule mtandaoni unaletewa kitu kilichopendwa na wengi, jirani yako nae analetewa hicho hicho, sasa mtatofautianaje? Alafu kuna tatizo la pili ambalo mi naliona kubwa zaidi, picha ya kule inafika kwako imeshatenganishwa na shida iliyoizaa. Unaona bango kali la tamasha fulani huko Ulaya, huoni kwamba walitumia rangi mbili kwa sababu hela ilikuwa ndogo, huoni kwamba lilibandikwa kwenye kituo cha treni watu wanapita mbio. Unachukua sura unaacha sababu, na ukiileta kwenye kadi ya harusi ya mtu wa Chanika inakaa kama shati la kuazima.

Mtaani kitu unakiona pamoja na shida yake. Kwa hiyo kazi ninayokupa ni hii, ukikutana na kitu kilichotengenezwa na mtu usijiulize kama ni kizuri au kibaya, jiulize huyu aliyekitengeneza alikuwa anahangaika na nini.

Tuanze na kanga maana najua hapo nyumbani haikosi. Itandaze kitandani. Kuna pindo limezunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maneno, yamekaa upande wa chini wa mji. Haya sasa uliza. Kwa nini pindo ni nene hivyo? Manake kanga haivaliwi ikiwa imetandazwa, inafungwa kifuani, inazungushwa kiunoni, inatupiwa kichwani, inabebea mtoto, na katika yote hayo mji unaweza kupotelea kwenye mikunjo lakini ukingo hauachi kuonekana, kwa hiyo pindo ndo linafanya kazi ya kuitambulisha kanga kutoka mbali. Kwa nini maneno ni herufi kubwa tupu, nene, mstari mmoja? Kwa sababu anayesoma yuko nyuma anatembea, aliyevaa nae anatembea, na kitambaa kinacheza. Kwa nini rangi ni mbili tatu tu? Kila rangi unayoongeza ni hatua nyingine ya kuchapa na gharama nyingine. Yaani huyo mchoraji amebanwa na bei, amebanwa na mwili wa mwanamke, amebanwa na mwendo, na humo humo ndani ya kubanwa ametoa mpangilio ambao watu wa pwani wameushikilia tangu karne ya 19. Ile kisutu ya bibi harusi, nyekundu nyeusi na nyeupe, hebu niambie ni logo gani ya hapa mjini ina uhakika wa kuishi muda ule.

Alafu ukipata nafasi nenda Kariakoo mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga usimame tu uangalie. Muuzaji hazitundiki zikiwa wazi, zimekunjwa, mteja anaona kipande cha pindo na labda nusu ya jina, na kwa hicho kipande anasema "nishushie ile". Kanga inauzwa kwa kipande! Sasa rudi kwenye kadi yako ya harusi. Siku hizi kadi inaonekana kwanza kwenye WhatsApp, picha ndogo kama kucha, kwenye kundi la kamati lenye meseji mia za michango. Mtu anaona kipande kabla hajaigusa ifunguke. Je kadi yako ina pindo? Ikiwa ndogo vile bado inajulikana ni ya akina nani, au ni maua ya dhahabu tu kama kadi zingine zote?

Naomba unielewe vizuri hapo. Sijakwambia uchukue lile ua la korosho la kanga ulibandike pembeni mwa kadi, hilo kila mtu anafanya, kila kampeni inayotaka ionekane ya Kiafrika inapachika korosho kwenye kona basi wanajiona wamemaliza. Ninachotaka uchukue ni namna ya kufikiri, ua liache kwenye kanga yake.

Na wewe wa Mbagala una bahati nyingine, foleni. Ukiwa umekaa umeganda angalia daladala zinazokuja upande wa pili. Mstari wa rangi ubavuni umewekwa ili abiria ajue ruti kabla hajasoma maneno, majina ya vituo mbele yameandikwa makubwa mawili tu, mwanzo na mwisho, vya katikati kazi ya konda kuvitangaza kwa mdomo. Mtu amegawa taarifa sehemu tatu, rangi kwa wa mbali, maandishi kwa wa karibu, sauti kwa mwenye haraka. Bango lako la mkutano wa injili lina picha ya mchungaji, picha ya mama mchungaji, waimbaji sita, tarehe, uwanja, namba za simu nne na mstari wa Biblia, na vyote vina ukubwa mmoja. Nani ni rangi hapo na nani ni konda? Ukishajibu hilo mzuka utarudi wenyewe, maana mara nyingi kinachoitwa mzuka kukata ni dizaina kutokuwa na swali la kujibu.

*Mwalimu hujambo. Nafundisha kompyuta na dizaini kwenye chuo kimoja cha ufundi Morogoro. Darasa ni kubwa, mashine chache na nusu mbovu, umeme nao una mambo yake. Wanafunzi wamezoea templeti za Canva, ile programu ya dizaini yenye mipangilio iliyokwisha tengenezwa, ukiwapa zoezi wanabadilisha jina na rangi wanakuletea. Nikiwaambia watafute ubunifu kwenye mazingira yao wananiangalia tu. Nianzie wapi? – Mwalimu mwenzio*

Sijambo mwalimu mwenzangu, na pole na msongamano. Kwanza nikupe habari njema, uhaba wa mashine kwenye hatua hii sio hasara. Zima hizo chache zilizopo kabisa. Muhula ukianza mi huwa siwaruhusu kugusa kompyuta, wanalalamika, nawaacha walalamike.

Na hiyo sentensi ya "tafuteni ubunifu kwenye mazingira" iache, hata mimi ungeniambia hivyo ningekuangalia tu. Wape kitu kimoja mkononi. Mi napenda kuanza na mkeka. Kata kipande au omba wa zamani, kila watu wanne wawe na wao, na wape karatasi za grafu zile za hesabu. Mkeka umeshonwa kwa ukili, mkanda mwembamba uliosukwa kwa miyaa, na msukaji hawezi kuchora duara hata akitaka, ana njia mbili tu, mwaa upite juu au upite chini, na ana rangi chache alizotia kwenye miyaa kabla hajaanza. Waambie wahamishe nakshi ya ukili kwenye grafu, kisanduku kwa kisanduku. Zoezi linachosha, wataguna. Ila baada ya hapo waambie kwa visanduku hivyo hivyo waandike jina la chuo, na hapo darasa linachangamka, maana S inakataa, O inatoka na kona, R inagombana na K, na lazima waamue nini kiachwe ili herufi ibaki inasomeka. Wamejifunza gridi, yaani mpangilio wa visanduku, wamejifunza pikseli, vile vinukta vinavyojenga picha ya skrini, wamejifunza kuchora herufi, na wala hujawahi kutamka hayo maneno. Bibi wa Pemba anayesuka mkeka aliyajua kabla Canva haijazaliwa.

Zoezi la pili ni la ukutani. Watume wakatafute maandishi ya NYUMBA HII HAIUZWI, Morogoro kama kwingine yapo kibao. Usiwaache wacheke tu, wapime. Yale maandishi yapo kwa sababu ya matapeli na wakati mwingine ndugu wanaotaka kuuza nyumba ya urithi kimyakimya, kwa hiyo mlengwa ni mnunuzi anayepitishwa haraka haraka na dalali, lazima ayaone hata kama hayatafuti. Alafu waangalie alivyoandika. Mara nyingi utakuta NYUMBA imekaa kwa nafasi zote, HII inapumua, ikifika HAIUZWI ukuta umeisha, Z imeegemea W na I ya mwisho imepanda juu ya bomba la maji. Baada ya hapo wapeleke kwa mchora mabango wa mkono anayeijua kazi, waone anavyopiga uzi wenye chaki ukutani anapata mistari yake miwili, anahesabu herufi pamoja na nafasi zake kwa kunong'ona, anagawa kwa mbili, na anaanzia katikati kwenda pembeni. Hawatasahau tena. Kwenye mashine ule ni mbofyo mmoja wa kuweka maneno katikati, na ndo maana hawajui unafanya nini.

La tatu ni la kubishana. Uchaguzi wa 1965 hapa Tanzania Bara, wakati wa chama kimoja cha TANU, kwenye majimbo yenye ushindani wagombea walikuwa wawili, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Waulize wanafunzi, alama hizo mbili zina uzito sawa? Jembe ni la mkulima, nyumba ni ya nani? Ingekuwa wewe ndo unaambiwa utafute alama mbili ambazo hakuna hata moja inayompendelea mgombea ungechora nini? Mi sijawahi kuona darasa likamaliza hili swali. Wa kwanza atasema kikombe na sahani, mwenzie anaruka, kikombe kinakaa juu ya sahani bwana, huyo wa sahani ameshashindwa! Hapo ndo wanaelewa kwamba picha haijawahi kuwa picha tu, na usiku huo wakienda kununua chips wataanza kutazama kila alama iliyo kwenye kile kibanda.

Kuhusu kukopi. Mzee Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi miaka ya 1960, anajulikana kwa ule msemo wake kwamba kukopi kunamlaza Mungu usingizi. Nauheshimu sana, ila darasani siufuati wote. Mwanafunzi wangu anakopi kwa mkono, kwa penseli, kwa makusudi, na chini ya mchoro anaandika sentensi moja ya kwa nini kile kitu kiko vile. Kinachomlaza Mungu usingizi, kwa maoni yangu, ni kukopi kwa kubofya. Mkono ukipita kwenye mstari lazima uulize swali.

Na ukipata umeme siku moja waonyeshe ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Harry Beck aliyeichora 1931, ikachapishwa 1933, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, na mistari yake iliyonyooka na ile ya mshazari inafanana na mchoro wa saketi za umeme, kitu cha kazini kwake cha kila siku. Akaona abiria aliye chini ya ardhi hana haja na umbali halisi, anataka kujua ashukie wapi na abadilishie wapi. Wape wachore ruti za daladala za Morogoro kwa namna hiyo, wakianzia Msamvu. Usiwape programu. Wape rula.

*Mwalimu, mimi niko Mombasa na nafanya dizaini za fulana na mifuko. Napenda sana kuchukua michoro ya leso (kanga) na ya milango ya Mji wa Kale na Lamu, wateja wazipenda. Rafiki yangu aniambia huo ni wizi. Ni wizi ama si wizi? – Wa Makadara*

Inategemea umechukua nini ndugu yangu. Nakshi za milango ya zamani, lile ua la yungiyungi, mnyororo unaozunguka fremu, samaki, hizo zimepita mikono mingi, mafundi wenyewe walichanganya ya Uarabuni na ya Bara Hindi na ya hapa hapa pwani. Hizo soma, chora, geuza, hakuna atakayekuuliza mjukuu wa nani. Ila ukiichukua leso iliyotoka mwaka huu kwenye maduka ya mtaa wa Biashara ukaipiga picha ukaisafisha kwenye kompyuta ukaitia kwenye fulana, hapo kuna mchoraji wa siku hizi aliyekaa akachora na kuna mwenye mali aliyelipia. Si hata leso zenyewe watu wamezoea kuziandika ukingoni ni mali ya nani, ile Mali ya Abdulla unaijua kuliko mimi. Sheria za hakimiliki zipo huko Kenya na huku kwetu, kamuulize mtu wa sheria, mi si wakili.

Tofauti nyingine iangalie kwa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, yaani kazi yake yote ni ya miaka michache sana. Alichora kwenye vipande vya hardibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndo vilivyopatikana kwa bei yake, na ule mng'ao na yale mandhari ya rangi moja nyuma ya mnyama vimetoka humo. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea na mtindo mpaka leo, na hakuna aliyewaita wezi, mtindo ni wa wote. Lakini mchoro mmoja mmoja una aliyeuchora. Na ukitembea kwenye vibanda vya watalii utaona wale waliochukua mtindo wakaendelea nao, utaona na wale wanaorudia pundamilia yule yule miaka nenda miaka rudi. Mi nakushauri usiwe fungu la pili, sheria iseme isiseme. Wizi ama si wizi ni swali dogo, swali la kukukosesha usingizi ni kama kuna chako hapo ndani.

*Assalaam alaykum. Mimi mwenyeji wa Unguja ila naishi Maskati, ni dizaina kwenye ofisi ya matangazo. Nyumbani nilikuwa naona mambo kila kona, huku kila kitu kisafi na kimepangika, mabango ya mkono hakuna, naona macho yamelala. – Dada wa Maskati*

Waalaykum salaam dada. Macho hayajalala, yanatafuta soko la Darajani huko ambako hakuna Darajani. Huko kwenu kuna shida nzuri ambayo sie hatuna, maandishi mawili kwenye kibao kimoja, Kiarabu kinatoka kulia, Kiingereza kinatoka kushoto, na vinatakiwa vikutane bila mmoja kuonekana mtumwa wa mwenzie. Kila kibao cha duka ni mtu amejaribu kulitatua. Herufi za Kiarabu zinakaa juu na chini ya mstari kwa mikia mirefu, za Kilatini zimesimama wima, ukizipa ukubwa sawa kwa namba hazionekani sawa kwa jicho. Kusanya vile vibao vilivyofanikiwa na vile vilivyoshindwa, na ukumbuke kwamba bibi zetu walivaa kanga za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hazijaingia hizi za Kilatini, kwa hiyo hiyo shida yako ina mizizi kwenu.

Alafu kuna kofia. Hiyo kofia wanayovaa Waomani na kofia ya viua ya Zanzibar ni jamaa wa karibu, vitundu vile vinavyodariziwa pembeni ndo vinafanya nakshi na ndo vinapitisha hewa kichwani. Pambo lililo na kazi. Kaa na fundi mmoja umuone akishona, utatoka na gridi za mwezi mzima.

*Mwalimu nishauri app nzuri ya kutunzia mawazo. – Mwanza*

Daftari la shule lenye mistari na kalamu. Ukipiga picha na simu ipige, ila picha zinalala kwenye simu hazisomwi tena, kwenye daftari unalazimika kuandika kwa nini umeipenda. Usinunue lile la bei, utaogopa kulichafua.

*Habari mwalimu. Kila fonti naona ya kizungu tu, nikipanga gazeti la shule au kitabu kwa Kiswahili ukurasa unakuwa mzito, una mashimo, sijui tatizo nini. – Mhariri mdogo, Dodoma*

Swali zuri kuliko yote mwezi huu na wengi wanalipita. Tatizo ni kwamba unachagua fonti kwa kuangalia sampuli ya Kiingereza au yale maneno ya Kilatini ya kujazia, alafu unaimwagia Kiswahili. Kiswahili kina sura yake kwenye karatasi. Herufi a imejaa kila mahali, karibu kila neno la kwetu linaishia na vokali, k na w na y zinarudi rudi kwenye kwa, wa, ya, kwenye, wakati q na x hatuna kabisa na c haitembei bila h. Kwa hiyo ukitaka kuchagua fonti anza na a. Iangalie a yake ikiwa ndogo, ile yenye kichwa na tumbo inatofautika vizuri na o, ile ya duara yenye mkia tu inachosha kwenye aya ndefu maana neno kama "wanaowaona" linageuka mstari wa mayai. Alafu andika "kwa wakwe wa kaka yake" kwa ukubwa wa kitabu uone kama w na k zinasukumana au zinaachana.

Mashimo yanatoka kwenye maneno marefu. Sisi tunasema "hawakutuhudumia" neno moja, Mwingereza angetumia matatu manne, sasa ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke kwenye safu nyembamba mashine haina pa kuvunja inaacha matundu. Acha upande wa kulia ukae huru au panua safu. Na kama unatumia kuvunja neno mwisho wa mstari angalia lugha uliyoweka kwenye programu, ikibaki Kiingereza itakukatia "kit-abu", ikipatia "nyu-mba" ndo iwe bahati. Tunavunja baada ya vokali, ki-ta-bu, basi. Na ile alama ya ng'ombe na ng'oa, hakikisha ni ile ile kitabu kizima, programu ina tabia ya kuipindua mahali ikaacha imenyooka pengine, na msomaji anaona kitu kinamkera hajui ni nini.

Msukumo unaoutafuta uko hapo hapo kwenye ukurasa. Chukua aya moja ya habari ya shule yenu, ipange kwa fonti tano tofauti, chapa kwa printa ya kawaida ya stesheneri, weka ukutani, simama mbali. Usiangalie kwenye skrini.

*Mwalimu, mteja wangu kila nikimletea wazo jipya anasema "we nifanyie kama ya fulani". Nimchape? – Nimechoka, Tabata*

Usimchape, ana hela zako. Muulize ya fulani anaipendea nini, na usikubali jibu la "imekaa vizuri". Mwekee mbele, mwambie aguse kwa kidole. Utashangaa, mara nyingi anagusa namba ya simu kwa sababu inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, au anagusa njano. Basi yeye alikuwa anataka namba kubwa, au njano, mengine yote yaliyobaki uwanja ni wako. Ila chukua malipo ya awali kabla ya hayo mazungumzo.